Batri za sola: tupime mbele ya kununua

Ndugu wanamemba, taa za depo zikizimika saa mbili ya usiku, tunasema mara moja: batri zimekufa. Tungoje kwanza. Mara nyingi ni vumbi juu ya pano, ao vichwa vya batri vimeshika kutu. Tusafishe. Kama batri ni ya maji na sahani za ndani zinaonekana, tuongeze maji ya batri mpaka zifunikwe. Hapana asidi, hapana maji ya mto.

Kisha tuchaji siku nzima, tuchomoe nyaya, batri zilale. Asubuhi tupime moja moja. Batri ya volti 12 iliyo nzima inaonyesha karibu 12,7. Ikionyesha karibu 10,6, chumba kimoja kati ya sita kimekufa. Lakini batri iliyochoka inajua kudanganya: tuwashe taa, tupime tena. Ile inayoshuka mbio kuliko wenzake ndiyo mgonjwa.

Kubadilisha je? Hapo ndipo franga za koperative zinapotea. Batri mpya ikifungwa pamoja na tatu za zamani, zitaichokesha mbele ya wakati wake. Kama zote zimezeeka, heri tuchange polepole, tubadilishe zote siku moja. Za zamani zisitupwe shambani. Risasi yake ni sumu.