Dondoo muhimu: Memori ya Java kwenye seva ya DHIS2
Kila mwezi takwimu za zahanati na vituo vya afya vya wilaya ya Rungwe huingizwa kwenye DHIS2, mfumo unaoendeshwa kwa Java. Usipoweka kikomo mwenyewe, Java kwa kawaida hujiwekea robo ya memori ya seva. Weka -Xms (memori ya kuanzia) na -Xmx (kikomo cha juu) sawa, memori isihangaike kupanuka wakati wa kazi. Seva ya GB 32 yenye PostgreSQL ndani? Anza na GB 12 za Java. Hifadhidata na Linux pia vinahitaji nafasi; seva ikigeukia diski memori ikiisha, watumiaji wa Tukuyu na Kiwira watasubiri mno. Hata kwenye seva kubwa zaidi, usifikishe -Xmx karibu na GB 32 bila sababu: hapo vielekezi vya Java hutoka baiti 4 hadi 8. Tafadhali, washa -XX:+HeapDumpOnOutOfMemoryError, inayohifadhi nakala ya memori ya Java inapoisha, leo, kabla mfumo haujazimika.