Sala ya Chumbani

Soma: Mathayo 6:5-13, Danieli 6:10, 1 Samweli 1:9-18



Mwezi huu tutazame jambo ambalo wengi wetu tunalijua kwa kulisikia kuliko kwa kulitenda, nalo ni sala ya mtu peke yake. Sisi Waanglikana tumejaliwa Kitabu cha Sala. Mwaka 1549 Askofu Mkuu Thomas Cranmer alizikusanya zile saa nyingi za sala zilizoshikwa na watawa, akazifanya mbili, Sala ya Asubuhi na Sala ya Jioni, kwa lugha ya watu wenyewe. Ni hazina kubwa. Lakini mtu aweza kukitumia kitabu hicho miaka mingi, akaitika kila "Amina" mahali pake, wala asimwambie Mungu neno lake hata moja. Nalijua hilo, maana lilinipata mimi mwenyewe.

Kabla ya kupewa daraja nilikuwa mwinjilisti wa kanisa dogo. Kengele yetu ilikuwa ringi ya gari iliyotundikwa mwembeni, nami niliigonga kila jioni na kuongoza sala. Watu waliisifu sauti yangu, na sifa zile zilinipendeza. Usiku mmoja mtoto wetu akashikwa na homa kali. Mvua ilikuwa ikinyesha na zahanati ilikuwa mbali. Mama yake akaniambia, "Baba, tuombee." Nikapiga magoti, nisipate la kusema. Ulimi uliozoea kunena mbele ya watu sitini ulikauka mbele ya mke wangu tu. Mwishowe nikaishika ile kolekta ya tatu ya Sala ya Jioni, iombayo mwanga na ulinzi wa usiku, nikairudia hata kukapambazuka. Mtoto alipona, Mungu ashukuriwe. Lakini niliona haya, kwa kuwa maneno yale niliyoyasoma mamia ya mara, usiku ule ndio mara ya kwanza kuyaomba.

Sasa tufungue Mathayo. Katika aya ya 5 Bwana wetu anasema "msalipo", watu wengi. Katika aya ya 6 anageuka, "usalipo", mtu mmoja. Ni kama mwalimu asemaye na darasa zima, mara akamkazia macho mtoto mmoja. Kiyunani kina mgeuko huo huo.

Tena anasema juu ya chumba cha ndani. Neno la Kiyunani hapo ni tameion, nalo lina maana ya ghala, mahali pa kuwekea akiba. Nyumba za watu wa kawaida kule Galilaya zilikuwa ndogo, jamaa wote wakilala pamoja. Kwa hiyo Bwana hasemi juu ya chumba kizuri chenye msalaba ukutani na mshumaa. Anamtuma mtu akasali katikati ya nafaka na mitungi. Nayasema haya kwa ajili ya wale wanaoniuliza, "Padre, tumepanga chumba kimoja na watoto watano, faragha tutaipata wapi?" Yeye mwenyewe hakuwa na chumba. Kule Kapernaumu mji mzima ulipokuwa umekusanyika mlangoni jioni, aliondoka alfajiri na mapema akaenda mahali pasipo watu (Marko 1:35), na hata huko Simoni alimfuata! Basi mwingine atasali pembeni mwa shamba, mwingine njiani kwenda kisimani, mwingine kitandani kabla watoto hawajaamka.

Danieli, kinyume chake, alisali madirisha yakiwa wazi. Je, aliliasi neno la Bwana? Sivyo. Wanafiki walitafuta kuonekana ili wasifiwe. Yeye, kama angejificha siku ile, angekuwa amemkana Mungu wake kwa hofu ya mfalme. Ila tuyaangalie maneno ya mwisho ya aya ile, ambayo mara nyingi tunayapita. Alisali mara tatu kwa siku kama alivyokuwa akifanya tangu zamani. Amri ya Dario ilimkuta na magoti yaliyokwisha kuzoea. Mimi homa ya mtoto ilinikuta na kengele tu.

Na aliyekwisha kufunga mlango afundishwa kusema nini? "Baba yetu." Hafundishwi kusema "Baba yangu", ingawa yuko peke yake. Jirani zake wameingia naye, pamoja na yule ambaye hawasalimiani tangu ule ugomvi wa mpaka wa shamba. Kanisani waweza kulipita haraka lile ombi la kusamehe, kwa kuwa wenzako wanaendelea na sauti zao zinakuvuta. Chumbani hakuna wa kukuvuta. Unasimama papo hapo kwenye jina la mtu yule, mpaka umseme. Mimi nadhani wengi tunaikimbia sala ya siri kwa sababu hiyo, si kwa kukosa nafasi.

Tukiogopa kwamba hatuna maneno mazuri, tumsome Hana. Midomo yake ilicheza, sauti haikusikika, hata kuhani Eli akamdhania amelewa. Alimimina uchungu wake wote hekaluni, katikati ya watu, akiwa peke yake na Mungu. Kisha akaenda zake, akala chakula, na huzuni ikaondoka usoni pake. Samweli alikuwa bado hajatungwa mimba.