SOMO: BEI YA SEMBE NA HAKI YA MKULIMA

Ni nadra Serikali kumwamuru mtu ale nini. Chombo chake ni bei, kwa kuwa chakula kilichoshushwa bei hupikwa katika nyumba nyingi. Hivyo kupanga bei ni kuingia katika chungu cha mwananchi, na wanachama wa vyama vya msingi hawana budi kulipima jambo hilo kwa haki.

Historia ya Tanzania ina mfano ulio wazi. Baada ya ukame wa miaka ya 1973 hadi 1975, wakulima wa sehemu kame kama Dodoma na Singida walihimizwa kulima mtama, uwele na muhogo, nayo bei ya kuyanunua mazao hayo ikapandishwa. Shauri lilikuwa jema na wakulima waliitikia. Lakini kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970, maghala ya Shirika la Taifa la Usagishaji (NMC) yalikuwa na mtama na muhogo usiopata wanunuzi, maana watu wa mijini walikwisha kuzoea sembe. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 sembe hiyo hiyo ikauzwa kwa ruzuku. Mkulima aliyeambiwa alime mtama angemuuzia nani?

Ruzuku haikuwa bila sababu. Kibarua wa Dar es Salaam alikuwa na watoto wa kulisha, na mshahara wake ulizidi kupungua thamani. Walakini mlaji wa ugali wa muhogo kijijini hakufaidi chochote. Mkulima wa mahindi naye aliuza kwa bei rasmi, na tangu vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa mwaka 1976 mpaka sheria ya mwaka 1982 ilipovirudisha, hakuwa na chombo chake cha kumsemea. Tena, sembe iliyopendelewa ni unga uliokobolewa, uliopungukiwa na vitamini ambazo dona hubaki nazo. Jambo hili halikutiliwa maanani ipasavyo.

Ruzuku iliondolewa mwaka 1984. Bei ya sembe ikaruka, na kima cha chini cha mshahara kikaongezwa ili kupunguza makali. Mchuuzi na mtu asiye na ajira, ambao hawakuwa na mshahara wa kuongezwa, walinunua sembe kwa bei hiyo mpya.

Swali la kujadiliwa mkutanoni: bei ikishushwa kwa ajili ya mlaji, gharama yake ibebwe na nani?