Dari ya Gari Lililozeeka na Hali ya Hewa ya Nyeri

Miongoni mwa magari yapandayo na kushuka kila siku kati ya Karatina, Nyeri, Naro Moru na Nanyuki, mengi ni yale yaliyotumika kwanza huko Japani, yakaletwa kwetu kabla ya kupita umri wa miaka 8 ambao kanuni za Kenya zinauruhusu, kisha yakakaa nasi muda mrefu kuliko ule uliotangulia; na katika magari hayo si ajabu kuikuta injini ingali nzima ilhali kitambaa cha dari kimelegea na kuning'inia, hata dereva akitazama kioo cha ndani asiione barabara iliyo nyuma yake. Steshenwagoni yangu ya miaka ya 1990 ilipofikia hali hiyo niliazimia kuitengeneza mwenyewe, na haya niyaandikayo ni yale niliyoyapata katika kazi hiyo.

Sharti ifahamike kwanza kwamba kilichokufa ni sponji, wala gundi haina lawama. Kitambaa cha dari kina sponji nyembamba mgongoni, yapata milimita 3, nayo ndiyo iliyogundishwa kwenye ubao mwepesi ulioumbwa kwa umbo la paa. Joto na unyevu huila sponji hiyo mwaka baada ya mwaka. Na Nyeri, iliyo zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari na karibu mno na ikweta, ina vyote viwili, kwa kuwa adhuhuri jua hulipiga bati la paa kwa ukali, na usiku umande na baridi hulitwaa. Mwishowe sponji hugeuka unga. Ndiyo maana kupenyeza gundi mpya nyuma ya kitambaa kilicholegea ni kuharibu mali, kwani gundi huushika unga, na unga haushiki chochote. Pini nazo hutoboa tu kitambaa, kisha kikaendelea kulegea baina yake.

Kwa hiyo ubao hauna budi kushushwa. Ondoa kwanza waya wa betri, hasa ikiwa gari lina mifuko ya hewa iliyofichwa kandokando ya paa, ukangoje kitambo kabla ya kugusa kitu. Kisha ufungue vikinga jua, vishikio vya mkono, taa ya ndani na plastiki zinazofunika nguzo za milango. Klipu zilizozeeka huvunjika upesi, basi zichomoe taratibu. Viti vya mbele vilazwe, na ubao utolewe na watu wawili kwa mlango wa nyuma, maana ukikunjwa hupata ufa usiofichika.

Inayofuata ni kazi ya kusafisha, ambayo kwa rai yangu ndiyo nusu ya kazi yote, na ambayo wenye haraka huidharau. Kitambaa cha kale hubanduka kwa mkono bila taabu; kihifadhi, kwa kuwa kitakuwa kielelezo cha kukatia kipya. Uweke ubao juu ya meza nje ya nyumba, uvae barakoa, na uyasugue masalio ya sponji kwa brashi ya nguo yenye nywele laini, ukirudia na kurudia mpaka kiganja kikipitishwa juu yake kitoke safi. Brashi ya chuma huuchuna ubao, na maji huuvimbisha. Angalia hasa pembeni na katika mabonde yaliyozunguka taa, kwani ndiko unga ujifichako, na ndiko kitambaa kipya huanzia kuachia.

Mafundi wa viti vya matatu na wa makochi, ambao hawakosekani katika mji wowote wa mlimani, wanakijua kitambaa kifaacho: chenye sponji yake tayari, na chenye kunyumbuka kidogo. Kikate kwa kuzidisha sentimita 10 kila upande. Mimi nilichagua kijivu hafifu, kwa kuwa rangi nzito huifanya nafasi ya ndani ionekane finyu. Gundi iwe ile ya kupakwa pande zote mbili, inayostahimili joto. Gundi nyeupe ya mbao haifai, maana maji yake huulowesha ubao.

Hapa ndipo hali ya hewa ya kwetu isipoheshimiwa huitangua kazi yote. Gundi hii hukauka kwa kutoa mvuke, na mvuke utokapo huupoza uso wake. Hewa ikiwa na ukungu, kama ilivyo aghalabu toka Juni hata Agosti, umande mwembamba hutanda juu ya gundi na kuinyima nguvu. Chagua siku kavu ya Januari au Februari, uanze jua likiwa limekwisha kuukausha umande, umalize kabla ya baridi ya jioni. Wapo waharakishao kwa kuweka jiko la makaa chumbani. Nawasihi kwa moyo wangu wote wasithubutu, kwani mvuke wa gundi hushika moto kwa cheche moja, na makaa katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu iuayo.

Tandaza kitambaa juu ya ubao, kikunje nusu, upake gundi nusu ya ubao na nusu ya mgongo wa kitambaa, safu nyembamba iliyo sawasawa, ungoje mpaka kidole kikiigusa kihisi mnato lakini kitoke kikavu. Hapo ukiteremshe polepole, ukikilaza kwa kiganja kutoka katikati kwenda kingoni, bila kukandamiza kwa nguvu. Ukifika bondeni, kisukume ndani kwa vidole kabla ya kuvuka ng'ambo, kwani kikiwambwa juu ya bonde kama ngozi ya ngoma, kitaachia mara jua litakapopamba. Kisha fanya vivyo hivyo nusu ya pili.

Kingo zikunjwe nyuma ya ubao na kugundishwa, na matundu ya taa na skurubu yakatwe kwa wembe mpya. Ubao ulale usiku mzima penye hewa kabla ya kurudishwa, na siku za mwanzo vioo viachwe wazi kidogo wakati wa adhuhuri ili harufu itoke. Vipande vilivyosalia hutosha kufunikia vikinga jua, ambavyo vikibaki na rangi yao ya kale vitaonekana vichafu kando ya dari mpya.