Asali au jeli ya dukani?

*Mhariri, kila Jumamosi nakimbia kutoka Tabora mjini hadi Kwihara na kurudi, nikijiandaa kwa kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon kule Moshi. Baada ya saa moja na nusu miguu huisha nguvu. Wenzangu wanasema bila jeli za kuagiza Dar sitafika. Ni kweli? – Mkimbiaji, Ipuli*

Ndugu mkimbiaji, dalili hiyo haitishi: yaelekea unaishiwa sukari. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye misuli na ini, nayo hupungua sana baada ya dakika 90 hivi za mbio kali. Jeli ni sukari iliyofungashwa, wala si dawa. Anayekimbia zaidi ya saa moja huhitaji takribani gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, na kijiko kikubwa cha asali kina kama gramu 17. Anza na viwili kwa saa, kidogo kidogo, pamoja na maji. Tabora hamjapungukiwa asali. Jeli hubebeka kirahisi zaidi, nakubali, ila chupa ndogo yenye kifuniko imara inatosha. Wengine watakutajia wapagazi wa Kinyamwezi waliofika Bagamoyo na mizigo bila vitu hivi. Hao walitembea, tena walipiga kambi wakala. Karanga ziache mpaka umalize, mafuta yake huchelewa tumboni. Asali ijaribu mazoezini, kamwe si siku ya mashindano, kwani ikizidi huweza kuharisha. Ukiwa na kisukari, au ukipata maumivu ya kifua au kuzimia, mwone daktari kabla ya kukimbia tena.