Mitambo Inayojiendesha: Kijana Wetu Anaenda Kusomea Nini?

Wazazi wengi wanapata barua kwamba mtoto ameitwa chuo kikuu kusomea uhandisi wa mekatroniki, yaani elimu ya mitambo ya viwanda inayojiendesha. Wanajiuliza: ni masomo gani haya? Je, si ndizo hizo mashine zinazofuta watu kazi? Tusikimbilie jibu. Tuielewe kwanza kazi yenyewe.

Mfano wa maziwa

Wengi wetu tunapeleka maziwa kwa ushirika. Kiwandani maziwa hupashwa moto hadi nyuzi 72 za Selsiasi, yakakaa katika joto hilo sekunde 15, halafu yanapozwa haraka. Joto likipungua, viini vya magonjwa vinaweza kubaki hai. Mtu akiachiwa kazi ya kutazama kipimajoto na kugeuza vali kwa mkono, akisinzia kidogo tu, maziwa yasiyo salama yamepita.

Mtambo unaojiendesha hufanya hivi:

1. *Kuhisi.* Kihisi kinapima joto la maziwa bila kupumzika.
2. *Kuamua.* Kompyuta ndogo ya kiwandani inalinganisha kipimo hicho na agizo ililopewa.
3. *Kutenda.* Joto likishuka, vali inageuka na maziwa yanarudi nyuma kupashwa tena.

Iwe ni kiwanda cha chai, saruji au soda, hatua ni hizo hizo tatu.

Kompyuta ya namna hii ilianzia Marekani. Mwaka 1968 kampuni ya magari ya General Motors ilikuwa imechoka na makabati yaliyojaa swichi za sumaku, maana kila muundo wa gari ulipobadilika ilibidi nyaya zifungwe upya. Dick Morley na wenzake wakatengeneza Modicon 084, iliyotolewa mwaka 1969. Tangu hapo fundi anaweza kubadilisha maagizo bila kung'oa nyaya.

Siku hizi mashine zimeunganishwa pia kwa mtandao. Beringi ya pampu ikianza kutetemeka kupita kawaida, fundi anapata habari kabla pampu haijasimama. Hicho ndicho wanachokiita kiwanda erevu.

Chuoni wanasoma nini?

Wanasoma hisabati, fizikia, stima, mekanika na kuandika programu. Halafu wanaingia karakana: kufunga nyaya, kuandika maagizo, kutafuta hitilafu. Digrii hii inafundishwa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kule Juja, na Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi kule Nyeri. Hicho cha Nyeri kitutie moyo: kilianza mwaka 1972 kama taasisi ya ufundi iliyotokana na harambee ya wananchi, na mwaka 2012 kikawa chuo kikuu kamili.

Na kazi za watu?

Tuseme ukweli. Yule aliyekuwa akigeuza vali kwa mkono anaweza kupoteza kazi hiyo. Haki ni kwamba ushirika umfundishe kazi nyingine kabla mtambo haujafika, si baada ya kumfukuza.

Lakini mtambo nao unahitaji watu. Kihisi kikikosea kwa nyuzi tatu, kompyuta itaamini uongo huo na kupitisha maziwa mabaya. Lazima awepo mtu wa kukikagua. Kama hakuna hata mmoja wetu anayeujua mtambo, siku ukiharibika tutamngoja mgeni atoke mbali huku maziwa yakiganda kwa makopo.

Katika Kutoka 35 tunasoma juu ya Bezaleli, fundi aliyejazwa Roho wa Mungu kwa kazi ya mikono. Hakupewa ustadi peke yake, alipewa pia moyo wa kufundisha wengine. Huyo ndiye kijana tunayemhitaji.

Kabla hujauza ng'ombe

- Digrii huhitaji wastani wa C+ katika KCSE, na alama nzuri za hesabu na fizikia. Diploma huhitaji C-. Diploma si aibu, maana fundi hodari ndiye anayeushika mtambo kila siku.
- Hakikisha kozi ya digrii inatambuliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya. Bila hivyo mtoto anaweza kumaliza masomo na asiandikishwe kuwa mhandisi.
- Tembelea chuo uone karakana. Uliza wanafunzi wangapi wanatumia mtambo mmoja. Mambo haya hayajulikani kwa kunakili ubaoni tu.
- Uliza mapema kuhusu mkopo wa HELB. Usingoje mpaka karo idaiwe.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Mashine gani katika eneo letu ikiharibika hungoja fundi wa kutoka mbali?
2. Ushirika wetu ukinunua mtambo mpya, nani ataathirika, na tumsaidieje mapema?
3. Kanisa na ushirika wanaweza kumsaidia vipi kijana mmoja asome, na yeye arudi kufundisha wawili?