Mawe Mawili Mfukoni

JUMANNE

Soma Kumbukumbu la Torati 25:13–16. Kwa nini Musa anataja mfuko na nyumba, wala hataji soko?

Zamani mizani ilitumia mawe. Mfanyabiashara mdanganyifu alibeba mawili: zito la kununulia, jepesi la kuuzia. Mteja aliona moja tu kwa wakati mmoja. Ushahidi ulibaki mfukoni.

Sisi tunaijua dhambi hii kwa jina la lumbesa. Gunia la mkulima hushindiliwa na kurundikwa juu, naye hulipwa gunia moja. Mjini mazao yale yale huuzwa kwa kilo. Lakini ofisini nako mawe yapo. Msimamizi humkata kibarua aliyechelewa malipo ya siku, kisha mpwa wake aliyechelewa vilevile huambiwa tu ajitahidi kesho. Kila uamuzi ukiutazama peke yake unaweza kuutetea: wa kwanza ni nidhamu, wa pili ni huruma. Viweke pamoja uone.

Adui zake Danieli waliichunguza kazi yake (Danieli 6:4), wasipate jiwe la pili.

Ni nani kazini kwako unayempimia kwa jiwe lake mwenyewe? Na ni nani anayelipa tofauti hiyo?